Achille Banza, fundi wa motere, na kikombe cha kaburini

Ndugu wa kanisa, jirani wa kartie yetu ya Kataki, wafanyakazi wa bandari na wa reli, rafiki zake wa pembeni ya ziwa, mukae vizuri, wenye viti wawaachie wamama, na wale wanaosimama kwenye ukuta wasogee chini ya turubai, kwa sababu haya nitakayosoma si mafupi.

Mimi njo Gérard Kalunga, mudogo wa Mama Marceline, mama yake Achille, kwa hiyo mujomba wa marehemu, na kama kuna mugeni asiyenijua aulize jirani yake, ataambiwa kwamba hapa hakuna ndoa wala kilio kilichopita bila sauti yangu, shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari lakini mudomo haukuacha, na hata pasta akitaka watu wanyamaze ananiomba mimi nikohoe kwanza.

Familia ilikaa jana muchana ikanipa kalamu, na palikuwa na mabishano, wengine walitaka niandike kwamba alikufa kwa ugonjwa mufupi, kama tunavyosikia kwenye kila kilio, na Papa Gaspard, mukubwa wa ukoo wa Banza, alisema neno hilo ni zuri, halijamuumiza muntu bado. Mama Marceline akasema: "Gérard, ugonjwa wa mutoto wangu ulikuwa murefu, kila muntu aliuona ukipita njiani, usiufupishe." Basi siufupishi. Akaomba na jambo la pili, kwamba leo, kwenye kaburi la Achille, kikombe kisipite, na hilo nitalifikia, wenye haraka wavumilie.

Marehemu Achille Banza alizaliwa hapa Kalemie, siku ya Alhamisi tarehe 14 Machi 1991, mutoto wa kwanza wa Papa Jean Banza, fundi wa atelie ya reli, na wa Mama Marceline Kalunga, muuzaji wa samaki kavu. Alizaliwa na mikono mikubwa kuliko mwili, muzalishaji akasema huyu atakuwa mwizi au mupiga ngoma, mimi nilikuwa inje ya dirisha nikamujibu hapana, atakuwa fundi, na anayefikiri ninaongeza chumvi amuulize Mama Marceline, ingawa yeye saa ile alikuwa na kazi nyingine na hakunisikia.

Masomo ya musingi aliyafanya hapa hapa kuanzia mwaka 1997 mpaka 2003, miaka ya vita, wakati treni ilikuwa inalala zaidi kuliko kutembea na mushahara wa Papa Jean ulikuwa hadisi, mwalimu alipokea minerval, ile ada ya shule, kwa samaki na akashukuru. Sekondari alisoma mekanike, benchi moja na Chadrack, ambaye wote munamujua, wawili hao mulikuwa hamuwezi kumuita mumoja bila mwingine kuitika, na diploma ya Serikali aliipata mwaka 2010 kwa asilimia hamsini na saba, ambayo mimi kila mahali nimeitangaza kuwa sabini na tano, na leo ninaisahihisha kwa heshima ya marehemu, yeye hakupenda uongo wangu ila aliucheka.

Kazi aliianza mwezi wa Julai mwaka ule ule, pembeni ya ziwa, kutengeneza motere za mashua zinazokwenda Moba, Kabimba na Kigoma, na hapa ninaomba muniruhusu niringe kidogo, kwa sababu mimi njo nilimupeleka kwa mafundi wa kwanza na sanduku la vyombo nililimubebea mwenyewe kichwani. Mwaka 2013 motere ya mufanyabiashara mumoja wa Kigoma ilikatika kwenye mashua ikazama, Achille akaifuata, wengine wanasema maji yalikuwa urefu wa watu wawili, mimi niliyekuwa pale ninasema sita, akaifunga kamba, tukaivuta, akaifungua kwenye muchanga, akaikausha kipande kwa kipande juu ya shati lake, na jioni ile ile mashua iliondoka. Yule mufanyabiashara alimushika mukono akasema: "Kijana, hii mikono usiiache ovyo." Achille alikuwa bado na skuru moja, parafujo ndogo kama punje ya mutama, aliishika kwa ncha za vidole na haikutikisika. Muikumbuke ile skuru.

Siku ya Jumamosi tarehe 9 Agosti 2014 alifunga ndoa na Mama Henriette, binti wa Nyunzu, mahari ilikwisha kutolewa yote, mbuzi wa mwisho alitukimbia kwenye daraja la Lukuga na mimi njo nilimukamata, nikiwa katika suti. Mungu aliwapa watoto wawili, Jovial, aliyezaliwa tarehe 2 Juni 2015, na Arlette, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 2017, wako hapa mbele, yule mudogo amevaa kofia ya baba yake, musimuvue.

Mwezi wa Januari 2018 mashua zilikuwa chache, watoto wanakula kila siku, basi Achille na Chadrack walipanda njia ya Manono kuchimba kasiterite, yale mawe ya bati, kwa pikipiki na kwa baiskeli na kwa miguu, na kule mikono ya fundi ilishika sururu. Aliyefika Manono anajua, muntu anaingia katika shimo asubuhi amekunjika na anatoka bado amekunjika, na Achille alikuwa murefu. Mugongo ulipomukataa, wenzake walimupa vidonge vinavyouzwa kwenye meza moja na sabuni, biskuti na mawe ya radio, kule hakuna anayesema dawa za kulevya, wanasema dawa ya mugongo, na aliniambia kwamba siku ya kwanza alipomeza alichimba mpaka jua likazama bila kusikia njaa wala uchungu, akafikiri Mungu amemukumbuka. Hakutafuta raha, ninaomba hilo lisikike mpaka kule nyuma, alitafuta kusimama wima.

Walirudi Desemba 2019, yeye na Chadrack, na radio moja kwa wote wawili, sisi tulicheza, tulichinja, hatukuuliza kwa nini muntu anakwenda chooni mara nyingi na anarudi anacheka. Mama Henriette njo wa kwanza kuona, alimukuta anajaribu kufunga skuru ndogo ya kabureta, mikono inatetemeka kama ya muzee, akameza vidonge viwili, akangoja, mikono ikatulia, akaifunga, akamuambia: "Bibi yangu, unaona, bila hii mimi si fundi tena." Kisha viwili havikutosha, na siku ambazo vidonge vilikosekana alikunywa lutuku, hiyo pombe yetu ya mahindi ambayo hata mimi ninaijua kwa jina na kwa uso, mpaka ikafika wakati alikuwa anachanganya.

Sasa nitasema tulifanya nini, na nitasema sisi, kwa sababu hapa chini ya turubai sioni muntu ambaye hakutoa shauri.

Tulianza na kelele, kila muzee alimuita amufokee, na mimi ninayeweza kumuongelesha hata askari wa barabarani mpaka arudishe pikipiki, niliongea na Achille tangu chai mpaka bukari, ugali wa muchana, akasikiliza vizuri, akasema: "Mujomba, umesema kweli yote," akaondoka kwenda kutafuta vidonge. Kisha aliuza vyombo vyake, kisha kipande cha motere ya wenyewe, mwenye motere akaita polisi, akalala kasho, na mule ndani alitetemeka na kutapika mpaka wafungwa wenzake wakaomba atolewe, akatoka, na muntu wa kwanza aliyemupa pole alimupa na kidonge. Watoto wa njiani wakamuita Komanda Vidonge, walimupigia saluti akipita, na yeye aliwarudishia saluti, sisi kwenye baraza tulicheka, alikuwa anajua kuchekesha.

Tukamupeleka kwenye chumba cha maombi, sitataja kanisa gani, walisema ni pepo la majini, wakamufunga muguu kwa cheni ya pikipiki wiki tatu, Mama Marceline alilala chini karibu naye anamufuta jasho, na alipofunguliwa alikuwa mwembamba, mupole, amenyolewa, tukaimba, na siku ya nne tukamukuta chini ya mashua iliyopinduliwa. Tukaenda kwa muganga wa kienyeji ng'ambo ya Lukuga, akataka kuku mweupe, hakupatikana, tukapeleka mwenye madoa, akasema basi njo sababu. Mama Rebecca peke yake, muforomo, muuguzi wa kituo cha afya, alituambia kwamba huu ni ugonjwa kama sukari ilivyo ugonjwa, kwamba mwili umejifunza vibaya na hauwezi kufundishwa kwa fimbo, kwamba inafaa vidonge vipunguzwe polepole na muntu akae mahali ambapo havipatikani, na kuwe na muganga wa hospitali wa kumuangalia. Tukamuuliza mahali hapo ni wapi. Akatuangalia, akasema hapa karibu hajui.

Basi mahali tulipatafuta sisi wenyewe. Mwezi wa Septemba 2023 tulimupakia katika mashua ya Moba, akapanda mulima mpaka Kirungu kwa Mama Agnès, dada mukubwa wa Mama Marceline, anayelima viazi na maharagi kule kwenye baridi, na Mama Rebecca alimupa vidonge vichache katika karatasi na maelezo ya kuvipunguza, na Mama Agnès, ambaye hacheki hata picha ikipigwa, alivishika yeye kiunoni. Wiki za kwanza alilia kama mutoto anayeachishwa ziwa, alitaka kushuka mulima akiwa katika shuka, Mama Agnès alimukalia mulangoni, anamenya viazi, anamuambia: "Lia, mimi nilizika mabwana wawili, kilio chako hakinistui." Mwezi wa Desemba vidonge vilikwisha. Mwezi wa Januari alitengeneza mashine ya kusaga ya kule, iliyokuwa imekufa tangu zamani, watu wa Kirungu wakamuita Fundi, na alinitumia sauti kwenye simu, ninayo mpaka leo, anasema: "Mujomba, jana nimefunga skuru ya kabureta, ile ndogo ndogo, sikumeza kitu, mukono haukutikisika, uwaambie." Niliwaambia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuongeza kitu.

Tarehe 2 Mei 2024 Papa Jean alifariki, ninyi wenyewe mulikuwa hapa. Achille alishuka kutoka Kirungu kumuzika baba yake, alikuwa amenenepa, amevaa shati lililonyooshwa, Arlette alimupanda mugongoni hakushuka siku nzima.

Kwa wageni ninaeleza desturi ya ukoo huu wa Banza, kwamba baba akifa mutoto wa kwanza anashuka katika kaburi, analainisha udongo wa chini kwa mikono yake, na kabla hajapanda anapewa kikombe cha lutuku, kile cha bati chenye ua la bluu, anakunywa yeye wa kwanza, kisha wachimbaji wote wanapokezana, na asiyekunywa watu wanasema anajua aliyemukula marehemu kwa uchawi. Ndugu zangu, siku nyingi tulikuwa tumekaa kupanga jeneza, gari, na chakula cha wageni, na kati yetu sote tunaojua kusema, hakuna aliyesema neno juu ya kikombe. Hatukusahau kwamba Achille ni mugonjwa. Tulisahau kwamba kikombe ni pombe, kwetu kilikuwa heshima.

Alilainisha udongo, akainua uso, na juu ya shimo Papa Gaspard alikuwa amekwisha kumunyoshea kikombe. Achille akasema polepole: "Papa mukubwa, naomba kinipite." Nyuma yetu sauti moja ikasema unaona, nyingine ikasema muntu wa vidonge, nani anajua alileta nini kutoka kule mulimani, na maneno ya namna ile, munajua, hapa kwetu yanaweza kuchoma nyumba. Papa Gaspard alisikia, akaogopa kwa ajili yake, akapiga goti penye ukingo, akamuambia: "Mutoto wangu, kunywa kidogo tu, watu wanaangalia." Achille alimuangalia mama yake, akaniangalia na mimi, nilikuwa nimeshika kofia yangu, akaangalia wote kwa zamu, kisha akakunywa. Na sisi tulipumua. Ninaandika hivyo kwa sababu njo hivyo ilikuwa, tulipumua, tukasema Mungu asifiwe, mutoto ameokoka.

Jioni ile Mama Marceline alimukuta amekaa kwenye ngazi ya jikoni anaangalia mikono yake. Wiki ya pili alianza kurudi usiku, mwezi wa Juni alipata vidonge, Mama Agnès alituma neno apande mulima, akasema kesho, Mama Henriette akamufungia nguo katika mufuko mara nyingi na kuzifungua tena, na Mama Rebecca alikuja mpaka nyumbani akatueleza kwamba mwili uliokwisha kuacha ukirudia kipimo cha zamani haukiwezi tena, na kwamba vidonge pamoja na lutuku vinaifanya pumzi isahau kazi yake. Tulielewa. Kuelewa hakukutupa kitu cha kufanya, tulificha bidoni, lile dumu la lutuku, tulimufuata njiani kwa zamu, tulifunga mulango, na yeye mwenyewe alituomba tuufunge, kisha akatuomba tuufungue, na machozi yalikuwa ya kweli mara zote mbili.

Siku ya Jumatano tarehe 14 Agosti 2024, asubuhi, Chadrack alimukuta pembeni ya ziwa, amelala ubavu kando ya sanduku lake la vyombo, anakoroma vibaya, akamubeba mugongoni mpaka barabarani, wakapata pikipiki, wakamufikisha hospitali akiwa bado na joto, waganga walimupulizia hewa kwa mikono, mumoja akichoka mwingine anapokea, na mbele ya saa sita muchana pumzi ilisahau. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, anaacha mujane, watoto wawili, mama, na motere moja wazi kwenye meza yake, mwenyewe aje aichukue.

Sasa ninafika kwenye kikombe. Mama Marceline aliomba kisipite leo, na familia ilikubali, hata Papa Gaspard, ambaye tangu Jumatano hajala, alijaribu kukivunja kile kikombe chenye ua kwa jiwe, na bati halivunjiki, kimebaki kimepindika pale nyuma ya nyumba. Lakini asubuhi ya leo, nikiwa naandika ukurasa huu, vijana wanaochimba walituma neno kutoka makaburini kwamba shimo limefika magotini na majembe yamekaa chini, hawakatai kwa ubaya, wanaogopa, wanasema kaburi la kijana namna hii bila kikombe litawafuata nyumbani, na kama familia inazuia, basi familia inaficha kitu. Tuliwapelekea soda. Soda ilirudi. Nilikwenda mimi, na huu mudomo wangu wote, nikaongea nikiwa nimesimama juu ya udongo wa mutoto wa dada yangu, walinisikiliza kama Achille alivyonisikiliza, na mumoja akaniambia: "Papa Gérard, umesema kweli yote." Nikajua ninarudi bure.

Mama Marceline alitusikia tunabishana, akatoka katika chumba, akafungua mulango wa stoo, akasema: "Muwapelekee. Mutoto wangu asilale inje." Akaifunga kifuniko bidoni ya lutuku yeye mwenyewe, ikaondoka kwa pikipiki saa tatu, na mutakapofika kule mutasikia harufu, musishangae, musimuhukumu.

Lakini kati ya wachimbaji yuko Chadrack. Alikataa jembe lake lishikwe na mwingine, na yeye pia alirudi kutoka Manono na ugonjwa ule ule, mikono yake mumeiona. Kwa hiyo familia ya Banza na ya Kalunga, Papa Gaspard akiwa amesimama, simama Papa, wakuone, inatangaza mbele ya wote kwamba anayekataa kikombe leo hajui chochote juu ya kifo hiki, hana kesi na sisi, nyumba yetu ni yake, na atakayemunyoshea kidole amenyoshea familia. Shida ni kwamba ninawasomea ninyi, na wao wako kule, hawanisikii, na bidoni ilitangulia. Basi ninaomba vijana wenye pikipiki wasingoje jeneza, waende sasa, wamutafute Chadrack, wamuambie. Mimi sijui kama atasadiki. Achille angesadiki, kama tungemuambia mapema.

Tunashukuru waganga na waforomo wa hospitali waliomupulizia hewa mpaka mikono yao ikachoka, Mama Rebecca aliyekuja bila kuitwa, Mama Agnès ambaye yuko njiani, mashua imechelewa na upepo, jirani waliotoa maji, viti na kuni, mafundi wa pembeni ya ziwa waliozima motere zote tangu Jumatano, na wenzake wa Manono waliotuma sauti zao. Wale wanaouza vile vidonge, na wawili ninawaona hapa, mumekuja kulia na sisi, viti munavyo, hatukuwafukuza, hatujui hata hilo lifanywe namna gani.

Achille, mutoto wa dada yangu, mikono yako imetulia, hakuna anayekunyoshea kitu tena. Pumzika kwa amani.